Xeon si Cheo

Wasee, kabla mnirushie matusi, someni mpaka chini.

Kenya tuko na makabila zaidi ya arobaini, na bado vijana wa kompyuta wameona haitoshi. Wameongeza mawili: Wa-Intel na Wa-AMD. Kila mtu anatetea kampuni ambayo haijawahi kumnunulia hata chai ya kibanda. Na katika hayo makelele yote, hakuna anayeuliza swali la maana: hii kitu itanifanyia kazi gani, na kwa doh ngapi?

Basi tupige hesabu. Nachukua mashine mbili za daraja la juu, zile za watu wa filamu, wa kuchora majengo na wa kufundisha akili bandia: AMD Threadripper 7980X na Intel Xeon w9-3495X. Zote ni za 2023. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kama unalipa na jasho lako, Xeon hapa inakuuzia jina.

Kiini cha prosesa kichukulie kama mfanyakazi. Threadripper ina wafanyakazi 64, Xeon ina 56. Threadripper inaanzia gigahezi 3.2 na kupanda hadi 5.1, Xeon inaanzia 1.9 na kufika 4.8. Kumbukumbu ya ndani, ile L3, moja ina megabaiti 256, nyingine 105. Moto ni uleule, wati 350 kila moja kwenye karatasi.

Sasa bei. Intel waliitoa Xeon yao kwa dola 5,889. AMD wakaitoa yao kwa dola 4,999. Tukipiga na shilingi 130 kwa dola, hiyo ni kama 765,000 dhidi ya 650,000, na hujagusa ushuru wala VAT ya asilimia 16. Gawanya kwa viini: AMD ni dola 78 kwa kiini, Intel ni 105. Yaani unaongeza zaidi ya laki moja ili upate wafanyakazi wachache, wanaoanza kazi polepole. Kama huo si usanii, niambieni ni nini.

Najua kuna mtu tayari ananitumia ujumbe: "Lakini njia za PCIe je?" Sawa, buda, nakupa haki yako. Xeon ina njia 112 za PCIe 5.0. Kadi moja ya GPU hula 16, kwa hivyo unaweza kupanga kadi saba bila kubanana. Threadripper hii ina njia 48 za aina hiyo, kadi tatu basi. RAM pia, Xeon inaisoma kwa njia nane na inabeba hadi terabaiti 4, Threadripper ni njia nne na terabaiti 1. Ukitaka njia nane na viini vilevile 64 kwa AMD, unapanda hadi Threadripper PRO 7985WX, iliyotoka kwa dola 7,349, na hapo ni Intel ndiyo inakuwa bei rahisi. Ndiyo, nimesema. Kama wewe ni maabara yenye GPU saba, chukua Xeon yako uende na amani.

Lakini wewe unayesoma hii ukiwa Umoja, Kahawa Wendani ama Nyali, una GPU saba? Una hata moja ambayo umemaliza kulipa?

Hapo ndipo nataka tufike. Hii vita ya Intel na AMD inatufunza tabia mbaya: kuhesabu viini kama mtu anahesabu laiki. Kuna mzee anaitwa Gene Amdahl aliandika jambo mwaka 1967, na bado linatuumbua leo. Kila kazi ina sehemu ambayo haigawanyiki. Chukua kazi ya masaa kumi kwa kiini kimoja, na saa moja ya hiyo haigawanyiki. Ukiweka viini 64, yale masaa tisa yanakuwa dakika nane na nusu hivi. Ukiweka 56, yanakuwa kama dakika tisa na nusu. Ile saa moja iko palepale. Jumla: saa moja na dakika nane dhidi ya saa moja na dakika kumi. Mmetukanana wiki mzima juu ya dakika moja na kitu.

Kurenda na Blender, sawa, hiyo hugawanyika vizuri sana na kila kiini kinakula kazi. Kukata video ya harusi ni hadithi nyingine kabisa. Najuaje? Niliumia.

Niliacha kampasi mwaka wa pili. Karo ilikuwa imeniruka, na nikamwambia mathe nitajitegemea na video. Hakunigombeza. Alichukua elfu sitini ya chama yake, akanipea, akaniambia, "Nunua kitu ya kukufanyia kazi." Nikaingia town, duka moja la mashine za mtumba kutoka ng'ambo. Muuzaji akanionyesha boksi kubwa jeusi. "Hii ni Xeon mbili, bro. Ni seva hii. Viini 28. Hizo laptopu za wenzako itazimeza." Nilisikia neno seva nikajiona niko Hollywood. Nikalipa.

Zilikuwa Xeon E5-2680 v4 mbili, prosesa za 2016. Na ukweli usemwe, muuzaji hakudanganya: viini 28 vilikuwa 28. Kitu hakuniambia ni kwamba kila kimoja kinagota gigahezi 3.3, na kwamba hizo Xeon hazina kabisa kile kitengo cha ndani cha kufungua na kufunga video. Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa, picha za 4K, nilikuwa nabonyeza kucheza na video inasimama kama matatu kwa stage. Kila mkato nangoja. Jumapili ya kukabidhi ikapita. Jumatatu nikabeba diski hadi kwa jirani yangu mwenye Core i5-12400. Viini sita. Sita! Ikafungua zile picha kama si kitu, kwa sababu ndani yake kuna Quick Sync, sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tukamaliza usiku uleule. Bibi harusi alinilipa nusu, na sikuwa na mdomo wa kubishana.

Na mmeona, iliyoniokoa ilikuwa Intel. Kwa hivyo msinipake rangi ya AMD. Sina timu. Timu yangu ni ile elfu sitini ya mathe.

Neno Xeon limekuwa sokoni tangu 1998. Lilibandikwa kwa prosesa za wakati wengi wenu hamjazaliwa, na limebandikwa kwa w9-3495X. Kwa hivyo mtu akikuambia "ni Xeon", hajakuambia chochote. Ni kama kuambiwa "ni Toyota" halafu unaenda kukuta gari haina gia ya pili. Muulize: namba kamili ni gani? Ni ya mwaka gani? Kiini kimoja kinakimbia kasi gani? Programu yangu inatumia viini vingapi kwa kweli? Na stima je? Wati 350 kwa masaa nane ni uniti 2.8 kila siku, prosesa peke yake, kabla skrini na GPU hazijaonja tokeni zako.

Akianza kukasirika na maswali, toka. Duka ziko mingi.

Kwa wale wenye studio na pesa ya kweli, maneno yangu ni mafupi: kurenda, chukua 7980X, ubaki na laki moja ya kulipa vijana wanaokufanyia kazi. GPU nyingi na RAM ya kutisha, chukua Xeon. Kwa sisi wengine, hizi mbili si zetu bado, na si aibu. Aibu ni kununua kivuli chake cha 2016 ndio uonekane umefika.

Lile boksi jeusi bado liko kwangu. Najifunzia Blender nalo usiku, na huko angalau vile viini 28 vinapata kazi vinayoiweza. Mathe hupita hapo mlangoni akiuliza, "Ile kitu inafanya kazi?" Namjibu inafanya. Sijawahi kumwambia ilifanya kazi gani ile wiki ya harusi. Akisoma hii, basi, mathe, pole. Elfu kumi na mbili ya kwanza iko kwa simu yako.