JINA LA MJI NI LA NANI?

Wako watakaotuuliza: kwa nini gazeti la chama, lenye kurasa chache na wino wa kubahatisha, lipoteze nafasi yake kwa khabari za majina ya miji, hali bei ya unga haijashuka na vijana wetu wangali barazani bila ya kazi? Suali hilo ni la haki, na jawabu yake si ndefu. Yameingia mazoea visiwani humu kwamba kinachojengwa kwa kodi ya raia, kiwe skuli, kiwe njia, kiwe soko, hupewa jina la mkubwa aliye hai. Naye huja siku ya sherehe, akakata utepe, akalisoma jina lake ukutani, akalipigia makofi. Muuza samaki aliyelipa ushuru kila alfajiri mnadani hatajwi. Sisi hatuna ugomvi na mtu kwa dhati yake. Twaugombea ukuta, kwa sababu ukuta ni wetu, na kwa sababu tumewaona wengine waliotangulia katika njia hii na mwisho walioufikia.

Tuanze na Kongo, nchi ambayo sehemu yake kubwa ya mashariki husema lugha yetu. Mwaka 1881 Stanley alijenga kituo penye ukingo wa mto mkubwa, akakipa jina la bwana wake, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kikawa Léopoldville. Mfalme huyo hakuikanyaga ardhi ya Kongo hata siku moja. Aliitawala kama shamba lake mwenyewe tangu 1885 hata 1908, watu wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira, na baada ya dola ya Ubelgiji kulichukua shamba hilo kutoka mikononi mwake, jina lake likaendelea kukaa juu ya mji kwa miaka mingine 58. Juu zaidi ya mto, Stanley naye alipata mji wake, Stanleyville. Kusini, penye shaba, ukazaliwa Elisabethville mwaka 1910, kwa jina la malkia, na jirani yake ukaitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi. Ukiikunjua ramani ya Kongo ya 1959 utadhani ni orodha ya walioalikwa karamuni Brussels.

Lakini ramani ni ya ofisini. Penye maporomoko ya Stanley palikuwa na watu wa pwani yetu kabla ya Wabelgiji kujiimarisha. Huko ndiko alikokuwa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ambaye mwaka 1887 alifanywa wali wa mahali pale na Leopold huyo huyo, na ambaye nyumba yake ingali Mji Mkongwe. Hatumtaji kwa fahari. Biashara yake ilikuwa pembe na watumwa, na sote twajua ni nani waliozibeba pembe hizo. Twamtaja kwa kuwa jina Kisangani ni la Kiswahili cha watu wa njia ile, nalo liliendelea kusemwa sokoni na mitumbwini miaka yote ambayo mihuri ya posta ilisema Stanleyville. Mmoja wa makarani wa posta hiyo alikuwa kijana aitwaye Patrice Lumumba.

Mobutu aliinyakua serikali mwezi wa Novemba 1965, na mwaka uliofuata akayaondoa majina ya wageni. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Albertville ya ziwani ikawa Kalemie. Tumpe haki yake, ijapokuwa hatukumpenda: hapo alitenda jambo la kheri. Na khasa twataka msomaji aone ni jambo la namna gani alilolitenda. Majina hayo hakuyatunga yeye. Kinshasa kilikuwa kijiji kilichokuwapo pale kabla ya Stanley kufika. Lubumbashi ni jina la mto mdogo upitao hapo. Alilofanya mtawala ni kuyatoa majina mdomoni mwa raia na kuyapandisha juu ya kibao.

Lau angeishia hapo! Mwaka 1971 akaigeuza nchi nzima ikawa Zaire, akisema anarudisha asili. Na Zaire ni nini? Ni neno la wenyeji lenye maana ya mto, lililosikiwa vibaya na mabaharia wa Kireno karne tano zilizopita na kuandikwa walivyolisikia. Hiyo ndiyo asili iliyorudishwa. Mwaka 1972 akawaamuru watu wayatupe majina yao ya ubatizo. Mwaka 1973 akalitazama Ziwa Albert, lililo mpakani baina yake na Uganda, akaona kwamba jina la mume wa Malkia Victoria halifai kukaa juu ya maji ya Afrika, na katika hilo alisema kweli. Kisha akaandika juu yake jina lake mwenyewe, Ziwa Mobutu Sese Seko. Mwenziwe wa Uganda hakutaka kupitwa. Ziwa Edward, la mtoto wa malkia huyo huyo, likaitwa Ziwa Idi Amin Dada. Hivyo wakubwa wawili wakagawana maziwa mawili kama watoto wagawanavyo embe.

Amin alikimbia mwaka 1979. Mobutu alikimbia Mei 1997, akafa uhamishoni mwaka huo huo. Na maziwa yale leo yaitwaje? Yaitwa Albert na Edward. Jambo hili tunamwomba msomaji alisome mara mbili. Wanyoro walikuwa na jina lao la ziwa lile la kwanza, Mwitanzige, nao walikuwa nalo kabla ya Mwingereza yeyote kulitia jicho. Lau Mobutu angelichukua jina la wavuvi, kama alivyofanya kwa miji, nani angethubutu leo kulifuta? Alichukua lake, na siku alipoanguka likaanguka pamoja naye, na nafasi iliyoachwa wazi ikarudiwa na mkoloni bila ya kufyatua risasi. Zaire nayo ikafutika, ikarudi Kongo. Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi hazikuguswa na mtu, ijapokuwa ni amri ya mtawala yule yule na sahihi ile ile.

Msomaji mjuzi atatupinga kwa Dar es Salaam. Atasema: pale palikuwa na Mzizima, akaja mtawala wa Unguja, Sayyid Majid bin Said, katika miaka ya 1860, akajenga na kuita atakavyo, mbona jina lake limedumu hata baada ya Mjerumani na Mwingereza? Pingamizi hiyo ni ya kweli na hatuikwepi. Mzizima ilishindwa, na wenye Mzizima hawakuulizwa. Lakini tazama kwamba Majid, ambaye alikuwa na uwezo wote, hakuuita mji ule Majidiya. Na watu wenyewe hatimaye wakalichukua neno la Kiarabu, wakalikata mkia, wakasema Dar tu, na wengine wakaleta Bongo. Mji ukishachezewa jina lake na makondakta wa basi, ujue kwamba wakaazi wake wamekwisha kulimiliki.

Asiyeridhika na mifano ya zamani atazame Kazakistani, katikati ya Asia. Mji wao mkuu uliitwa Akmolinsk wakati wa wafalme wa Urusi, ukaitwa Tselinograd tangu 1961, Akmola tangu 1992, na Astana tangu 1998. Neno hilo kwa lugha yao maana yake ni mji mkuu tu, jina la kawaida lisilomuudhi mtu. Mwezi wa Machi 2019 Rais Nazarbayev alijiuzulu baada ya kutawala karibu miaka 30. Siku ya pili yake mrithi wake, Tokayev, akapendekeza mji uitwe Nur-Sultan, jina la huyo aliyeondoka, naye yu hai na anatazama. Bunge likakubali siku hiyo hiyo. Walioingia njiani kupinga walikamatwa. Januari 2022 bei ya gesi ya magari ikapandishwa, watu wakalipuka, zaidi ya 200 wakafa, na katika mji mmoja sanamu ya Nazarbayev ikaangushwa kwa kamba. Mwezi wa Septemba mwaka huo, Tokayev yule yule akatia sahihi mji urudi kuitwa Astana. Jina la mzee lilikaa miaka mitatu na nusu. Tafakari ni vibao vingapi vilivyopakwa rangi mara mbili, na kwa fedha ya nani.

Na kuuliza raia si jambo lisilowezekana. Mji wa Leningrad uliwahi kuitwa St Petersburg tangu 1703, ukaitwa Petrograd mwaka 1914 kwa kuwa jina la kwanza lilinuka Kijerumani wakati wa vita, na Leningrad mwaka 1924 baada ya Lenin kufa. Juni 12, 1991, wakaazi waliulizwa kwa kura, na zaidi ya nusu ya waliopiga walitaka jina la kale. Likarudi. Wako walioumia, khasa wazee waliouhami mji ule katika njaa ya vita kwa jina la Leningrad, na maumivu yao twayafahamu. Hata hivyo walishindwa na majirani zao, hawakushindwa na amri. Na jimbo linalouzunguka mji mpaka leo laitwa Leningrad.

Basi rai yetu ni hii. Kitu cha umma kisipewe jina la mtu aliye hai, wa chama chao wala wa chama chetu. Na tukija kushika sisi, tushikwe kwa maneno haya. Jina jipya lisipachikwe mahali popote kabla watu wa shehia hiyo hawajakutana na kusema lao mbele ya sheha, na maneno yao yaandikwe. Na pale penye jina la kale linalosemwa na wenyeji, jina hilo litangulie.

Tumeanza kuiandika orodha ya majengo na njia zenye majina ya walio hai. Wasomaji wetu wa mashamba na wa Pemba watuletee ya kwao, kwa mkono au kwa mjumbe wa tawi, pamoja na mwaka wa kujengwa na jina ambalo wazee walikuwa wakipaita mahali hapo.