Nakala Haiwi Asili

Wako wadaio kwamba kuzigeuza nyimbo za MP3 kuwa video za VCD ni kuzihifadhi. Dai hilo halina msingi. VCD, iliyotolewa mwaka 1993, huibana sauti upya kwa mfumo wa MP2. Hivyo sauti iliyokwisha kupunguzwa na MP3 hupunguzwa mara ya pili, wala kilichopotea hakirudi. Tena diski huchukua dakika 74 tu, kwa kuwa nafasi kubwa huliwa na picha, ilhali wimbo hauhitaji picha. Kumnakilia taarabu mzee mwenye deki kuukuu ni ihsani. Kulifuta faili la asili baada ya hapo ni kuuteketeza urithi wetu. Ndugu walimu na wanafunzi, nakilini mpendavyo, lakini asili itunzwe.