LIKIZO SI YA KUUZA

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno ambalo wengi wetu twalijua lakini hatulitaji mkutanoni. Tunadai mishahara, na ni haki yetu. Lakini siku ambazo tumekwisha kuzipata, tunazitumiaje?

Mimi ni mtu wa Kabuchai, na kazi yangu ni katika genge la njia. Mwajua kwamba sisi Wabukusu hutahiri vijana mwezi wa Agosti, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Agosti 2024 mwanangu wa kwanza alipiga kengele zake akaenda kuwaalika jamaa, akafika kwa mjomba wake, akapakwa matope mtoni alfajiri, akasimama uani pangu bila kupepesa jicho. Mimi sikuwapo. Nilikuwa mbali nabadili mataruma, maana likizo yangu nilikuwa nimeiuza nipate fedha za mabati. Kaka yangu mkubwa alisimama mahali pangu.

Nilipofika nyumbani mtoto aliniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Baba, watu waliuliza uko wapi." Hakuongeza neno. Simlaumu mtu, karatasi niliitia sahihi mwenyewe. Lakini kila mvua inyeshapo juu ya mabati yale nalisikia neno lake. Wazee walisema kweli: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Wengine watanijibu, "Bwana, karo italipwa na nini?" Ni swali la haki. Sisemi mtu asifanye saa za ziada. Nasema zisitangulie kila kitu. Sisi watu wa reli twajua jambo hili kuliko wengine. Njia ni moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia njia ya kupishana ingoje, na nyingine hupita. Ni lazima ijulikane mapema ipi ipite. Je, mbona katika maisha yetu twaacha yoyote ijayo kwanza ipite?

Tena tukumbuke kwamba siku hizi za mapumziko hazikuanguka kutoka mbinguni. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku, saa 48 kwa juma. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Watu walitaabika mpaka zikaandikwa. Nasi twaziuza, au twazimaliza kwenye busaa na bao, huku mama watoto akipanda mahindi peke yake.

Shauri langu ni hili. Mwezi wa Januari keti na mwenzako nyumbani, mwandike yale ambayo hayawezi kungoja: tohara, kupanda mvua za Machi na Aprili zinapoanza, arusi, mzazi mgonjwa. Omba likizo yako kwa siku hizo, kwa barua, mapema. Zikibaki nafasi, hapo ndipo saa za ziada ziingie. Na ninyi wajumbe wa chama, angalieni barua hizo zijibiwe kabla ya siku zenyewe kupita, kwa maana likizo inayotolewa baada ya matanga haimfai mtu.

Mabati yangenunuliwa mwaka mwingine. Mdogo wake yule kijana, zamu yake ni Agosti 2028. Siku hizo nimekwisha kuziandika, na bei yake hakuna wa kuiweza.

Ni mimi mwenzenu,
Mtu wa Genge, Kabuchai