Ukomo wa Hedhi, Mizizi ya Kichina na Kliniki Isiyosikiliza

Mjadala kuhusu dawa za Kichina za ukomo wa hedhi umeelekezwa kwa muuzaji. Yafaa tumwangalie pia mnunuzi, na sababu ya kumfikisha dukani.

Tuanze na dawa yenyewe. Mzizi wa dang gui umo katika vitabu vya tiba vya Uchina tangu kale. Hata hivyo, si kila kinachouzwa kwa jina la ukale ni cha kale: er xian tang, mchanganyiko maarufu wa kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku, ulibuniwa Shanghai katika miaka ya 1950. Hilo si dosari. Dawa haithaminiwi kwa umri wake, bali kwa matokeo yake.

Matokeo hayo yamepimwa. Mwaka 1997, watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wiki 24 lililohusisha wanawake 71. Waliotumia dang gui hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Watetezi walijibu, na kwa haki, kwamba tabibu wa Kichina hategemei mzizi mmoja, bali huchanganya. Lakini mwaka 2016, mapitio ya Cochrane ya majaribio 22 ya mitishamba ya Kichina nayo hayakupata ushahidi wa kutosha. Isitoshe, dang gui huweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kumtia mgonjwa katika hatari ya kuvuja damu.

Kusema haya si kuidharau tiba ya Kichina. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa tiba hiyo. Dunia iliikubali kwa sababu ilipimwa.

Basi kwa nini mwanamke wa Dar es Salaam ananunua? Kwa sababu huduma tuliyomjengea inaitwa ya mama na mtoto. Inamtambua kwa ujauzito wake. Afikapo kati ya miaka 45 na 55, akose usingizi na kuloa jasho, ni nadra kuulizwa hali yake. Muuzaji humwuliza. Bidhaa yake ya kwanza ni sikio, chupa hufuata. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Je, aliyekwisha kuzaa ndiye tumwache ajifiche?

Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la kuisimamia. Itumike kudai kila chupa iandikwe viambato na maonyo kwa Kiswahili. Wakati huohuo, zahanati zetu zimweleze mwanamke kinachoutokea mwili wake, pamoja na tiba ya homoni, yenye ushahidi imara zaidi dhidi ya joto la ghafla ingawa haimfai kila mtu.

Tukiishia kufunga maduka, tutakuwa tumemnyang'anya msikilizaji wake wa pekee, nasi hatujajifunza kusikiliza.