Picha Itangulie Sindano: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwanza kwa ajili ya wazee wetu wa mwambao wa Ziwa Victoria, ambao saratani ya tezi dume, iliyo ya kwanza kwa wingi miongoni mwa saratani za wanaume wa Tanzania, aghalabu huwafikisha hospitali wakiwa wamekwisha kuwekewa mpira wa mkojo, mfuko wake wameuficha chini ya koti, au wakilalamikia mgongo waliodhani umeumizwa na kuvuta nyavu, kumbe maradhi yamekwisha kuingia mifupani. Hata damu ionekanapo katika mkojo husemwa ni kichocho, wala si ajabu, kwani Usukumani kichocho ni maradhi ya tangu utotoni.

Mgonjwa wa Sengerema sasa huvuka Ghuba ya Mwanza kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, ilhali wa Ukerewe bado huingojea meli ya Nansio. Wafikapo mjini, na kipimo cha damu cha PSA kikizidi kiasi, njia iliyozoeleka ulimwenguni tangu zamani ni kupitisha sindano kwa njia ya haja kubwa na kuchukua vinyama 10 au 12, pasipo kujua kwa yakini uvimbe uko upande gani. Utafiti wa PROMIS, uliofanywa Uingereza kwa wanaume 576 na kutangazwa mwaka 2017, ulibainisha kwamba sindano ya namna hiyo iliigundua saratani ya hatari kwa watu 48 tu katika kila 100 waliokuwa nayo, ilhali MRI, yaani picha zipigwazo kwa mashine ya sumaku, iliwaonyesha 93. Na zaidi ya robo ya wanaume wale wangaliweza kuepushwa sindano kabisa.

Siri ya picha hizo, Mheshimiwa, ni maji. Tezi iliyo nzima ina vijifereji ambamo maji hutembea kwa wasaa; saratani huijaza nafasi hiyo kwa chembechembe zilizobanana, hata maji yakakosa pa kwenda. Mashine hupiga misukumo miwili ya sumaku, na maji yaliyohama baina ya huu na huu hupoteza ishara yake, bali yaliyozuiliwa hung'aa. Kisha kompyuta huchora ramani ambamo mahali palepale huwa peusi. Palipong'aa huku na kuwa peusi kule, hususan katika sehemu ya nje ya tezi ambako saratani nyingi huanzia, ndipo tabibu aelekeze sindano yake.

Ninaloomba ni mwongozo wa Wizara kwamba kila mashine ya MRI inayowahudumia watu wa Kanda ya Ziwa itumike kabla ya sindano, si baada yake, maana damu inayosalia katika tezi iliyochomwa huchafua picha kwa majuma kadhaa. Wala gharama isitutishe kupita kiasi. Utafiti wa PRIME, uliotangazwa mwaka 2025, umethibitisha kwamba picha za kawaida pamoja na hizi za mwendo wa maji, pasipo kudunga dawa ya kung'arisha mshipani, hazipungukiwi katika kuigundua saratani ya hatari, ilimradi ziwe safi. Basi bima ya afya na ikitaje kipimo hiki kifupi kwa bei yake, kisihesabiwe sawa na kile kirefu cha kudungwa dawa.

Sharti hilo la usafi ndilo linitialo wasiwasi kuliko bei. Hewa kidogo tu katika utumbo wa mwisho huzipinda picha hizi, kwa hiyo mpigaji wake hana budi kumwambia mzee aende haja kwanza kabla ya kulala mezani, na msomaji wake awe amezisoma nyingi mbele ya mwalimu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya kiko hapahapa Mwanza, Bugando. Naomba Wizara ikikabidhi mafunzo hayo, na matabibu wapange siku ili mzee wa Ukerewe apigwe picha, isomwe, na sindano, ikilazimu, ichomwe katika safari hiyo moja.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mwanza