Cheti cha Wikendi Hakiponyi Nafsi Iliyovunjika



Leo siandiki neno la kufariji. Naandikia watumishi wenzangu, na ninyi washirika msome, kwa sababu wanaoumia ni ninyi.

Kila mara naletewa bango jipya kwenye simu. Kozi ya ushauri nasaha kwa wachungaji, Ijumaa jioni na Jumamosi, chakula kipo, cheti kipo. Jumapili asubuhi mtumishi anatambulishwa madhabahuni: sasa ni mshauri wa ndoa, wa ulevi, wa kiwewe, wa waliobakwa. Kinyozi husomea kunyoa muda mrefu kuliko huyu tuliyemkabidhi nafsi ya binti wa watu!

Msinielewe vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Naamini Mungu anaponya na pepo wanatoka. Ninachopinga ni uvivu uliovaa kanzu ya imani.

Chukueni mfano mmoja ambao kila kanisa linaujua. Msichana anajikata mikono kwa wembe. Leo anakupenda sana, kesho hataki hata kukuona. Mtu akimwacha kidogo tu, anataka kufa. Tumemwombea, tumemfungisha siku saba, tumemkemea mbele ya kanisa huku simu zikirekodi. Akirudi na alama mpya tunasema pepo amerudi na wenzake saba. Halafu tunafungua Marko 5, yule mtu wa makaburini aliyejikata kwa mawe. Mbona hatufiki mstari wa 15? Watu walimkuta ametulia, amevaa nguo, ana akili zake. Matokeo yalionekana kwa macho. Kama mwaka wa tatu binti bado anajikata, ni haki kuuliza kama tunachokemea ndicho kinachomuumiza.

Mara nyingi hali ya namna hiyo ni mojawapo ya magonjwa ambayo wataalamu huyaita ya haiba. Kuna tiba yake iliyopimwa. Aliyeitengeneza ni mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, na inajulikana kwa kifupi kama DBT. Mama huyu mwenyewe alilazwa hospitali ya akili mwaka 1961 akiwa na miaka 17, akijikata na kujichoma. Ni Mkatoliki, na amesimulia kwamba mwaka 1967, akiomba katika kanisa dogo Chicago, alikutana na Mungu na maisha yake yakageuka. Sikilizeni sasa alichofanya baada ya hapo. Hakufungua huduma ya kuwekea watu mikono. Alienda shule mpaka akapata shahada ya uzamivu, akatafuta ujuzi wa kuwatoa wengine kule alikotoka. Mwaka 1991 alichapisha utafiti: wanawake waliopewa tiba hiyo kwa mwaka mzima walijidhuru mara chache kuliko waliopata huduma ya kawaida, na walilazwa siku chache. Kitabu cha mwongozo kikatoka 1993. Ushuhuda wake hadharani aliutoa mwaka 2011!

Na tiba yenyewe si mchezo. Kila wiki mgonjwa anaketi na mtaalamu peke yake. Kila wiki tena anaingia darasa la kufundishwa stadi: kustahimili dhiki bila kujiumiza, kutuliza hisia, kuelewana na watu. Akikaribia kuanguka katikati ya wiki, anapiga simu kuelekezwa. Na wataalamu wenyewe wanakutana kila wiki kama timu, wanakosoana, wanabebana. Hii mimi naisoma na kumwona Yethro akimwambia Musa katika Kutoka 18 kwamba kazi hiyo akiifanya peke yake itamchosha yeye na watu pia. Mchungaji anayeshika kesi kama hiyo peke yake, usiku, kwa WhatsApp, bila wa kumkosoa, anacheza na moto. (Na mke wake analijua hilo kabla yake.)

Kuna lingine linaloniuma zaidi. Tunamsimamisha mama aliyebakwa atoe yote mbele ya watu, eti akisema atafunguka. Wataalamu wa kiwewe wana tiba ambayo mgonjwa husimulia yaliyompata, ni kweli. Lakini husimulia kwa mpango, mara kwa mara, kwa siri, kwa kasi anayoiweza, na mtu aliyefundishwa kujua aendelee au asimame. Zamani hata wao walijaribu njia ya mkato: kumketisha mtu mara moja tu baada ya msiba na kumfanya aeleze kila kitu. Ilipopimwa ilionekana haizuii kiwewe, na wengine iliwaacha pabaya zaidi. Waliiacha. Sisi bado tunaiita ushuhuda.

Mtaniambia, "Mchungaji, kupima ni mambo ya dunia." Someni Mambo ya Walawi 13. Kuhani alikagua ngozi, akamtenga mtu siku saba, akaangalia tena, na alama ikiwa haijaenea, siku saba nyingine. Hakutangaza muujiza siku ya kwanza. Na Yesu alipowaponya wale kumi katika Luka 17, aliwatuma kwa makuhani wakakaguliwe.

Wengine wanasema DBT imechota kwa Wabudha. Ndiyo, Linehan alijifunza pia kwa walimu wa Zen, sitawaficha. Sisi tunakula samaki na kutema miiba. Danieli alisoma elimu ya Wakaldayo miaka 3, na hakusujudia sanamu. Kama mnaogopa miiba, basi pelekeni wana wetu waliookoka wakasome, badala ya kukaa nje tukilaani.

Simaanishi kila mzee wa kanisa awe daktari. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5 unaoitwa PM+, na hapa Nairobi wahudumu wa afya wa kijamii waliutumia kwa wanawake wenye dhiki. Matokeo yalichapishwa 2017, na ulisaidia. Lakini wahudumu wa mpango huo wanasimamiwa, na anayetaka kujiua au aliyepoteza fahamu za ukweli anapelekwa mbele kwa mtaalamu. Wanajua mpaka wao. Hata sheria yetu ya 2014 inataka mshauri nasaha awe amesajiliwa, na wokovu haumwondoi mtu chini yake.

Kinachobaki ni pesa, na hapo ndipo tunanyamaza. Mafunzo ya juu ni ghali, yanachukua miaka. Spika nazo ni ghali, na tukiambiwa zimeungua, harambee inajaa kabla ya ibada kuisha.

Kwa hiyo kwetu nimeomba wazee: mfuko wa vyombo usubiri. Kama wewe ni mshirika wetu, una shahada ya saikolojia au ushauri na umesajiliwa, nione Jumapili baada ya ibada ya pili. Tunataka kukulipia hatua inayofuata, na utakaporudi hutahubiri, utafanya kazi yako. Na wewe unayejikata usiku huu, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Usingoje kesha la Ijumaa.