Orodha Isifungwe Mapema

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo moja la michezo. Najua wako watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Nne ingalimfaa kuandika juu ya mtihani. Lakini nimepewa ukiranja wa michezo, jambo hili naliona kila jioni, na kunyamaza siwezi.

Iko desturi katika shule nyingi za sekondari. Mwezi wa Januari, Kidato cha Kwanza wakiisha kuingia, vijana huitwa uwanjani siku mbili tatu, hutazamwa, na orodha ya timu huandikwa. Walioandikwa hupata mipira, mwalimu wa kuwafundisha, na tumaini la kwenda UMISSETA. Wasioandikwa hupata kazi ya kushangilia. Orodha ile ikisha kubandikwa ukutani haiguswi tena, na mara nyingi majina huwa ni yale yale hata kijana amalize shule. Mimi sipingi kuchagua. Timu ya mpira wa kikapu ni watu watano uwanjani, haiwezi kuchezwa na shule nzima. Ninalolipinga ni kufunga mlango mapema, kisha kumnyima mpira yule aliyebaki nje.

Nitatoa mfano wa Mtanzania mwenzetu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Urefu wake wa sentimita 221 kila mtu anaujua, lakini wachache wanakumbuka kwamba hakuanza kucheza mpira wa kikapu mpaka alipokuwa na miaka 15. Hebu fikirini: huo ni umri wa Kidato cha Pili. Angalikuwa katika shule ambayo orodha hufungwa Kidato cha Kwanza, jina lake lisingalikuwamo, na urefu ule ungalitumika kufuta ubao bila kupanda kiti. Bahati njema haikuwa hivyo. Alikwenda Marekani, akamaliza sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alikuwa hodari sana wa kuzuia mitupo ya wapinzani, hata vyuo vya ligi iitwayo Big East vikamtaja mlinzi bora miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Mwezi wa Juni 2009, timu za ligi ya kulipwa ya NBA zilipokutana kuchagua vijana, Memphis Grizzlies walimchukua, akawa wa 2 katika vijana wote waliochaguliwa mwaka ule. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Tangu kuanza mchezo hadi siku ile haikupita hata miaka 8.

Kuanzia hapo watu hubishana. Ukikaa kwa kinyozi utasikia wakisema kwamba alishindwa, maana alikaa NBA misimu 5 tu na kupita katika timu 4, na mwezi wa Februari 2010 Memphis walimpeleka akacheze kwa muda katika ligi ya chini. Mimi sikubaliani nao. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 15 ana deni la saa nyingi za kucheza, na mtu aliyechaguliwa wa 2 hutazamiwa awe tayari siku ile ile. Kuchaguliwa alichaguliwa, muda wa kucheza ndio uliokuwa haba.

Katika uchaguzi ule ule wa 2009, wa 7 alikuwa Stephen Curry. Huyu vyuo vikubwa vilimwona mwembamba na mfupi, wala hata chuo alichosoma baba yake hakikumpa nafasi ya kulipiwa masomo. Akaenda Davidson, chuo kidogo katika jimbo la North Carolina, na huko akacheza miaka mitatu akiwa tegemeo la timu. Baadaye aliipatia Golden State Warriors ubingwa mara 4: 2015, 2017, 2018 na 2022. Sisemi kwamba Thabeet angalikuwa Curry. Nasema kwamba walioandika orodha ile walikuwa watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye filamu na vipimo vya kila namna, na bado wakampita. Sisi je, tunaotazama vijana jioni mbili katika matope ya Januari?

Katika mpira wa Kimarekani jambo hili laonekana wazi zaidi, nami nitaueleza kidogo mchezo huu kwa kuwa hapa kwetu hauchezwi. Mpira wenyewe una umbo la yai, na hushikwa kwa mikono. Kila shambulio likianza mpira hupewa mtu mmoja aitwaye kwotabeki, naye ndani ya nukta chache huamua amrushie nani, ampe nani mkononi, au akimbie nao mwenyewe. Kila timu huwa na mmoja tu uwanjani. Yule wa pili yake yuko kama golikipa wetu wa akiba, aweza kumaliza mwaka mzima bila kugusa mpira wa mashindano.

Basi alikuwako kwotabeki mmoja, Kurt Warner, aliyesoma Chuo Kikuu cha Northern Iowa, ambacho si miongoni mwa vyuo vinavyotajwa sana katika mchezo huo. Hata huko alikaa akiba hadi mwaka wake wa mwisho. Mwaka 1994 timu za kulipwa zilipochagua vijana, hakuna iliyomtaja. Green Bay Packers wakamwita kumjaribu, wakamrudisha. Akaenda kufanya kazi ya usiku dukani, kupanga bidhaa katika rafu. Lakini angalieni jambo moja: hata alipokataliwa na ligi kubwa, alipata mahali pa kuchezea. Ilikuwako ligi iliyochezwa ndani ya ukumbi, katika kiwanja kifupi, naye akaichezea timu ya Iowa Barnstormers tangu 1995. Mwaka 1998 akapelekwa Amsterdam katika ligi iliyokuwa ikichezwa Ulaya wakati huo. Mwaka 1999 alikuwa St. Louis Rams, akiba tena, na kwotabeki wao wa kwanza akaumia goti kabla msimu haujaanza. Warner akaingia. Msimu huo akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, na tarehe 30 Januari 2000 timu yake ikachukua ubingwa kwa kuwafunga Tennessee Titans 23 kwa 16.

Na kwotabeki wa hao Titans alikuwa nani? Steve McNair, kijana wa Alcorn State, chuo kidogo cha watu weusi katika jimbo la Mississippi. Vyuo vikubwa vilimtaka acheze nafasi nyingine, naye akachagua kidogo kilichokubali kumpa mpira. Hivyo katika fainali ile ya nchi nzima, warushaji wote wawili walitoka vyuo ambavyo wengi wetu hata kuvitamka hatuwezi.

Turudi hapa kwetu Miyuji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, mji huu hupokea watoto wa watumishi kila muhula. Wako wanaoingia Kidato cha Pili mwezi wa Aprili, wengine cha Tatu mwezi wa Septemba, vumbi likiwa limepamba moto. Mgeni namna hii hukuta orodha imekwisha bandikwa. Hakuna anayemwuliza kama kwao alicheza netiboli au mpira wa miguu, naye kwa aibu ya ugeni hasemi. Hukaa chini ya mti na madaftari yake. Kadhalika wako wenyeji waliokuwa wafupi Januari ya mwaka juzi na leo wanatupita kichwa.

Waalimu wetu watasema, na kwa haki, kwamba mipira ni michache na UMISSETA haingoji mtu. Wazazi nao husema kuwa mchezo unakula masomo. Kwa wazazi nitajibu kwa kifupi: kule Marekani Thabeet na wenzake walicheza kwa kuwa ni wanafunzi, na chuo humzuia kucheza yule anayeshindwa masomo yake. Kwa waalimu jibu ni gumu zaidi, maana sitaki timu yetu idhoofike. Lakini siku tano za juma timu haizitumii zote. Jumatano wachezaji wetu hupumzika na uwanja hukaa mtupu. Naomba Jumatano iwe ya wasioandikwa, wavulana na wasichana, wageni wawe wa kwanza, nasi viranja tutakuwa waamuzi ili mwalimu asiongezewe kazi. Mwisho wa kila muhula timu ya Jumatano icheze na timu ya shule, mchezo kamili, si wa kuchekesha watu. Atakayeonekana anaweza aingizwe, hata kama ni Kidato cha Tatu, hata kama imebaki miezi michache.

Na mipira? Tunayo mitatu ya miguu iliyofumuka, imelazwa stoo. Fundi viatu aweza kuishona. Wa kikapu hatuna hata mmoja wa akiba. Kama yuko mzazi ambaye kijana wake amekwisha maliza shule na mpira wake umebaki chini ya kitanda, na aulete, hata ukiwa umekwisha manyoya, tutaujaza upepo.